Picha safi, PSA inapanda: kisa cha saratani ya tezi dume iliyorudi

Mgonjwa wa kisa hiki ni wa mfano. Sikumtoa kwenye faili la mtu mmoja. Nimemjenga kwa namba na hatua zinazojirudia katika kliniki za saratani. Tumwite Mzee, maana ndivyo wengi wao wanavyoitwa wakiingia mlangoni.

Mzee aliondolewa tezi dume yote akiwa na miaka 64. Kabla ya upasuaji PSA yake ilikuwa nanogramu 11.2 kwa mililita. Maabara ikaripoti alama ya Gleason, kipimo cha ukali wa saratani hii, kuwa 7, ile ya 4+3, ambayo ndani yake seli zenye sura mbaya zaidi ndizo nyingi. Saratani ilikuwa imetoboa ganda la tezi upande wa kushoto, na pembezoni mwa kipande kilichokatwa palikutwa seli zake. Tezi limfu tisa (vinundu vya kinga ya mwili, si tezi dume) zilizotolewa pamoja nacho zilikuwa safi. Wiki sita baadaye PSA ikasoma chini ya 0.1, na ndivyo inavyotarajiwa: PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, zilizo nzima na zilizougua, hivyo tezi ikitoka nayo hutoweka kwenye damu.

Miaka miwili na ushei ikapita kwa amani. Mwezi wa 30 baada ya upasuaji PSA ilisoma 0.11. Mwezi wa 33, 0.16. Mwezi wa 36, 0.23. Mwezi wa 39, 0.31.

Mwanamume mwenye tezi yake akiambiwa PSA ni 0.31 atarudi nyumbani akipiga mluzi. Kwa asiye na tezi namba hiyohiyo ni swali: nani anaitengeneza? Kwa waliofanyiwa upasuaji, 0.2 au zaidi, ikithibitishwa na kipimo cha pili, huhesabiwa kuwa ugonjwa umerudi, japo kwenye damu tu. Kwa waliotibiwa kwa mionzi hesabu ni nyingine, kwa sababu tezi yao bado ipo: hutafutwa kiwango cha chini kabisa PSA ilichowahi kufika baada ya tiba, na ikipanda 2 juu ya hapo ndipo husemwa imerudi. Wagonjwa wa makundi haya mawili wakilinganisha karatasi zao nje ya mlango wa daktari huchanganyana sana.

Namba yenyewe haikuwa kubwa. Kilichotisha ni mwendo wake. Kutoka 0.11 hadi 0.31 ndani ya miezi tisa maana yake PSA ya Mzee ilikuwa ikijizidisha mara mbili kila miezi sita. Miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya humweka kwenye kundi la hatari kubwa mtu aliyefanyiwa upasuaji ambaye PSA yake hujizidisha ndani ya mwaka mmoja au chini yake. Anayechukua miaka mitatu kujizidisha anaweza kuzeeka na namba zake bila kuona zaidi ya karatasi. Mzee hakuwa huyo.

Picha mbili za kwanza

Daktari wake akaagiza CT, picha ya eksirei ya vipande vya mwili, ya tumbo na nyonga, pamoja na skani ya mifupa. Zote mbili zikarudi safi. Kwenye ripoti paliandikwa kwamba hakuna dalili za saratani, na Mzee akaambiwa: "Tulia, mzee wangu. Picha ni safi. Turudi baada ya miezi mitatu."

Hapo ndipo kisa hiki kilipoanza kupinda, na hakuna mashine iliyokosea. Kila moja ilijibu ilichoulizwa. CT huitambua tezi limfu iliyougua hasa kwa ukubwa wake; ikiwa chini ya milimita 8 hadi 10 kwa kawaida huachwa ipite kama nzima, hata kama ndani yake saratani imeshaweka makazi. Skani ya mifupa, ile ya kudungwa teknesiamu inayotoa mionzi, nayo haioni saratani yenyewe. Inaona mfupa unavyojijenga kwa haraka pale ulipoguswa, na hilo linahitaji ugonjwa uwe umeshafanya kazi ya kutosha. PSA ikiwa chini ya 7, skani hiyo hukuta kitu kwa wagonjwa wasiofikia 5 katika kila 100. Mzee alikuwa na 0.31. Kumpiga picha hizo ilikuwa sawa na kutafuta sindano kwa darubini ya kutazamia meli.

Ripoti ingekuwa ya kweli zaidi kama ingesema: "kwa kifaa hiki, na kwa PSA hii, hatukutarajia kuona kitu, na hatukuona." Lakini ripoti za picha haziandikwi hivyo. Neno "safi" likishatoka kwenye karatasi na kuingia kinywani mwa daktari, mgonjwa hulisikia kama "umepona". Mzee alilisikia hivyohivyo. Aliwapigia simu watoto.

Miezi mitatu ikaisha. PSA: 0.44.

Kipimo kinachotafuta seli zenyewe

Safari hii alipelekwa kwa timu nyingine, na swali la kwanza la daktari wa mionzi halikuhusu mashine. Aliuliza, "Tukiona kitu, au tusipoona, tutafanya nini tofauti?" Ni swali zuri kwa kipimo chochote, ila hapa lina uzito wa pekee. Mtu ambaye saratani imebaki pale ilipokuwa tezi anaweza kuponywa kwa mionzi ya eneo hilo. Ikiwa imeingia kwenye tezi limfu za nyonga, uwanja wa mionzi lazima upanuliwe. Ikiwa imesafiri hadi mifupani, mionzi ya nyonga peke yake haitoshi, na mazungumzo hugeukia dawa za homoni (zinazoshusha testosteroni, homoni ya kiume) na tiba nyingine za mwili mzima. Njia ni tatu, na PSA haisemi mgonjwa yuko kwenye ipi. PSA hulia kama kengele ya moto ya jengo zima, haitaji chumba.

Akaandikiwa skani ya PET ya PSMA. PSMA ni protini nyingine, isichanganywe na PSA ingawa herufi zake zimefanana. Hukaa juu ya utando wa seli, na seli nyingi za saratani ya tezi dume huwa nayo kwa wingi kuliko seli za kawaida. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha dawa nururifu inayonata kwenye protini hiyo, na mashine husoma mionzi inayotoka pale dawa iliponata. Kwa hiyo tezi limfu ya milimita 5 au 6, ambayo CT ingeipita kwa sababu ya udogo, inaweza kung'aa kama taa.

Teknolojia hii si ya kale. Dawa ya PSMA yenye galiamu-68 ilitengenezwa Heidelberg, Ujerumani, ikaanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 2011. Marekani iliiidhinisha Desemba 2020, kwanza kwa vyuo viwili tu vya California, UCLA na UCSF. Ya florini-18 ikafuata Mei 2021. Kabla yake palikuwa na PET za dawa nyingine: ya kolini, iliyoidhinishwa huko mwaka 2012, na ya flusiklovini, mwaka 2016. Watafiti wa UCLA waliwapima wanaume 50 kwa flusiklovini na kwa PSMA, wote wakiwa wamefanyiwa upasuaji na PSA zao zikiwa kati ya 0.2 na 2.0. Flusiklovini ilikuta ugonjwa kwa asilimia 26 yao, PSMA kwa asilimia 56. Watu walewale.

Hata hivyo hii nayo si jicho la malaika. Katika utafiti mkubwa wa UCLA na UCSF uliochapishwa mwaka 2019, wenye wanaume 635 ambao PSA zao zilikuwa zimepanda tena, skani ilikuta kitu kwa asilimia 38 ya wale wa chini ya 0.5. Kati ya 0.5 na 1.0 ilikuwa asilimia 57. Kati ya 1.0 na 2.0, asilimia 84. Na waliofika 5 au zaidi, asilimia 97. Mzee alikuwa kundi la kwanza. Wanaume kumi wa namna yake wakiingia kwenye mashine, sita hutoka bila jibu.

Mtu makini atauliza: basi si tungoje ifike 1.0, ndipo tupige picha iliyo wazi? Mzee aliuliza hilo hasa, na ndilo fundo la kisa hiki. Mionzi ya kuokoa, ile inayotolewa baada ya upasuaji kushindwa, hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini, hasa chini ya 0.5. Mashine huona vizuri PSA ikiwa juu. Vitu hivi viwili vinavutana, na anayesubiri picha nzuri huilipia kwa nafasi ya kupona. Ndiyo maana kwa mtu kama Mzee skani hupigwa mapema, kwa makubaliano yaliyofanywa kabla: ikitoka tupu, mionzi ya eneo ilipokuwa tezi inaendelea vilevile. Picha tupu haitumiki kama kibali cha kusubiri. Ile miezi mitatu ya mwanzo, niseme wazi, ilipotea kwa sababu hakuna aliyefanya makubaliano hayo.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Daktari mmoja alitaka kumwanzishia sindano ya homoni palepale, "ili tusipoteze muda". Ikazuiwa kwa siku chache mpaka picha ipigwe. Sindano hiyo hushusha PSA na hugeuza namna PSMA inavyojitokeza kwenye seli, hivyo ukiitanguliza unaweza kuuficha ugonjwa kabla hujaujua ulipo.

Siku ya skani yenyewe haina mengi. Hakufunga kula. Alikunywa maji, akadungwa, akasubiri zaidi ya saa moja, akalala kwenye mashine kwa muda usiofika nusu saa. Dawa yake ilikuwa ya florini-18, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila dakika 110, na ya aina inayotoka mwilini kupitia ini zaidi kuliko mkojo. Hilo lina faida: dawa zinazotolewa na figo hujaa kwenye kibofu na kuwaka kama jua, na ugonjwa mdogo ulio chini ya kibofu, pale ilipokuwa tezi, humezwa na mwanga huo.

Madoa mawili

Mzee alipewa picha zake kwenye diski akazifungua mwenyewe, usiku, kabla ya kuonana na daktari. Akaona mashavu yanawaka, macho yanawaka, figo, ini, bandama, utumbo mwembamba wa juu. Hakulala. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tezi za mate, tezi za machozi, figo na utumbo zina PSMA zao za kawaida, na kwamba kila mwanamume anayepigwa picha hii huwaka hapo. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kumweleza.

Ripoti ilitaja sehemu mbili. Ya kwanza, tezi limfu ya milimita 6 ndani ya nyonga, kulia, jirani na mshipa mkubwa wa damu, iking'aa kwa nguvu. Ya pili, kidoa hafifu kwenye ubavu wa sita wa kushoto. Pale ilipokuwa tezi dume, ambapo kila mtu alitegemea kuona kitu kwa sababu ya zile seli za pembezoni, hapakuwa na chochote. Hitimisho la ripoti: saratani imeingia kwenye tezi limfu na mfupani.

Neno "mfupani" linabeba hukumu. Likikubaliwa, Mzee anahama kundi: kutoka mtu ambaye bado anatibiwa apone, kwenda mtu anayetibiwa aishi na ugonjwa. Aliuliza swali ambalo wengi hulibana kooni, "Daktari, nina muda gani?" Alijibiwa kwa utafiti wa zamani wa Johns Hopkins, uliochapishwa mwaka 1999. Uliwafuatilia wanaume ambao PSA zilipanda baada ya upasuaji, bila kupewa homoni mpaka ugonjwa uonekane kwenye picha. Kwa mtu wa katikati ilichukua miaka 8 tangu PSA ipande hadi hapo, na miaka mingine 5 kutoka hapo hadi kifo. Akaambiwa pia kwamba kwa mwendo wa PSA yake yeye asitegemee ile miaka 8 kama haki yake, na kwamba "kuonekana kwenye picha" kwa wale wanaume kulikuwa kwa skani za zamani. Kidoa kinachoonekana na PSMA leo wao wangekuwa nacho miaka mingi bila mtu kukijua. Kuhamisha hukumu ya picha za jana na kuivika picha za leo ni kosa ambalo hata wataalamu hulifanya wakichoka.

Kikao cha wataalamu kilikaa juu ya ubavu huo kwa muda mrefu kuliko juu ya tezi limfu. Kuhusu tezi limfu hakuna aliyebisha: mahali pake ni pa kawaida kwa saratani hii, mng'ao ni mkali. Ubavu ulikuwa na mambo manne dhidi yake. Kwanza, dawa aliyodungwa, PSMA-1007, inajulikana kwa kuacha madoa mifupani yasiyo na ugonjwa wowote, na mbavu ndizo sehemu yanapopenda kukaa. Pili, mng'ao ulikuwa hafifu sana kando ya ule wa tezi limfu. Kama vyote vingekuwa watoto wa mama mmoja, mbona mmoja anapiga kelele na mwingine ananong'ona? Tatu, CT ya vipande vyembamba haikuonyesha mfupa uliokuwa mzito kupita kiasi wala uliolika. Nne, na hili kwangu ndilo zito, PSA ilikuwa 0.44. Kwa kiwango hicho ugonjwa wa mfupani unawezekana, lakini hauji wa kwanza kwenye orodha.

Mtu mmoja alipendekeza kuchukua kinyama cha ubavu. Kikao kikakataa. Sindano kwenye ubavu ina pafu nyuma yake, na kinyama kisicho na saratani kutoka kidoa kidogo namna hii kisingemaliza ubishi, maana sindano inaweza kuwa imekosa shabaha. PSMA huvutwa pia na mfupa uliovunjika unaopona, na ugonjwa wa Paget unaovuruga ujenzi wa mfupa, na uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara, na hata vifundo vya neva vilivyo karibu na uti wa mgongo, ambavyo wasomaji wapya huviita tezi limfu. Msomaji wa picha hizi anahitaji kuwa ameona nyingi, na ndiyo sababu ripoti moja ikiwa inabadilisha tiba nzima, macho ya pili si anasa.

Uamuzi: Mzee atibiwe kama mtu ambaye ugonjwa uko nyongani. Mionzi kwenye eneo ilipokuwa tezi, mionzi kwenye tezi limfu za nyonga nzima, dozi ya ziada kwenye ile ya milimita 6, na homoni kwa miezi sita. Ubavu uachwe.

Eneo la tezi liliwekwa ndani japo picha ilisema hapana kitu, kwa sababu zilizokwisha kusemwa: seli za pembezoni zilikuwepo kwenye ripoti ya maabara, na mashine haioni chembe chini ya milimita chache. Kuhusu kupanua uwanja hadi kwenye tezi limfu na kuongeza homoni, kuna utafiti wa SPPORT uliochapishwa mwaka 2022. Waliopata mionzi ya eneo la tezi peke yake, asilimia 70.9 walikuwa hawajaendelea kuugua baada ya miaka mitano. Waliopata na homoni ya muda mfupi, 81.3, waliopata na homoni na mionzi ya tezi limfu za nyonga, 87.4. Na kuhusu kupanga mionzi kwa kuitazama PET, utafiti wa EMPIRE-1 uliowahusisha wanaume 165, uliotumia flusiklovini, ulikuta asilimia 75.5 hawajashindwa na tiba baada ya miaka mitatu, dhidi ya 63.0 kwa waliopangiwa kwa picha za kawaida. Mzee angepewa mionzi ya eneo la tezi peke yake, kama zile picha mbili "safi" zilivyoelekeza, ile tezi limfu ingebaki nje ya uwanja.

Kusubiri ubavu useme

Miezi mitatu baada ya mionzi PSA ilikuwa chini mno hata kipimo hakikuiona. Mzee akashangilia. Daktari hakushangilia naye, na nadhani alifanya vema kumweleza kwa nini. Sindano ya homoni hushusha testosteroni, na PSA hushuka nayo popote saratani ilipo, nyongani au ubavuni. Kwa hiyo PSA ya chini ukiwa chini ya homoni haimtetei wala kumshtaki yeyote. Jibu la ubavu lingekuja baadaye, testosteroni ikisharudi. Mionzi haikuugusa ubavu. Kama kile kidoa kilikuwa saratani kweli, kingeamka na PSA ingepanda.

Ilichukua karibu mwaka mzima tangu sindano ya mwisho kwa testosteroni kurudi kwenye kiwango cha kawaida. PSA ikapimwa: 0.02. Miezi sita baadaye, 0.02. Miezi sita tena, 0.03, tofauti ambayo maabara yenyewe huitoa kwa kurudia damu ileile.

Mzee aliomba skani nyingine. "Nataka niuone ubavu wangu," alisema. Akaulizwa swali lilelile la siku ya kwanza: tukikiona kidoa bado kipo, tutafanya nini? Kwa PSA ya 0.03, hakuna. Tusipokiona? Hakuna pia. Akakubali, ingawa si kwa furaha. PSA itapimwa kila miezi sita, na ikifika 0.2 na kuthibitishwa, ndipo atarudi kwenye mashine.

Ubavu haujawahi kumuuma, wala kabla wala baada. Lakini tangu asome ile ripoti, Mzee hulala upande wa kulia.